Karatasi ya Tusilaumiane

Kwa miaka minne sasa, kila Jumatano mchana, nimekuwa mtunzaji wa faili moja la bluu lenye harufu ya farasi. Faili lenyewe halijawahi kumgusa farasi. Linakaa kabatini, kwenye chumba kidogo chenye dirisha linaloangalia uwanja wa mchanga, lakini pale shambani hakuna kinachonusurika na harufu ile. Ukirudi nyumbani unavua viatu mlangoni, unaoga, unapika, na bado mtu akikusogelea anajua ulikuwa wapi.

Shamba liko Auderghem, ukingoni mwa jiji letu hapa Ubelgiji, pale nyumba zinapokwisha na msitu unapoanza. Ni la chama kisicho cha faida: farasi tisa, wengi wao wazee waliostaafu kazi nyingine, na watu wapatao ishirini wanaojitolea, nao pia wengi wao wazee waliostaafu kazi nyingine. Jumatano shule za huku hufunga mchana, na watoto huletwa kupanda. Orodha ya wanaosubiri nafasi ni ndefu, ila mtoto wa anayejitolea hapangi foleni. Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka pale, wala sitaki kujifanya nilisukumwa na mapenzi kwa wanyama. Binti yangu alikuwa na miaka saba, alikuwa ameona farasi kwenye kitabu cha shule, na kwa wiki tatu nyumbani hapakuwa na habari nyingine. Kamati waliponiuliza ninaweza kufanya nini, nikasema nina mwandiko mzuri na napenda mambo yaliyopangwa. Farasi nilikuwa nawaogopa. Wakanikabidhi faili.

Ndani ya faili mna fomu za wazazi. Kwa Kifaransa inaitwa décharge. Mimi niliipa jina langu, karatasi ya tusilaumiane. Inasema, kwa Kifaransa upande mmoja na Kiholanzi upande wa pili, kwamba farasi ni mnyama mwenye akili yake, kwamba anaweza kushtuka, kupiga teke, kuuma au kumwangusha mtoto, kwamba mzazi ameyaelewa hayo yote, na kwamba likitokea la kutokea hatakidai chama. Aliyeiandika ni mwanasheria mstaafu aliyemo kwenye kamati. Siku moja aliniambia, huku akifuta miwani, kwamba mbele ya hakimu karatasi ile haina nguvu kubwa. Chama kikizembea kimezembea, hata mzazi angetia sahihi mara mia. Nikamuuliza, basi ya nini? Akasema inawafanya wazazi wasome.

Hawasomi. Nimewaona wakitia sahihi juu ya boneti ya gari, juu ya mgongo wa mtoto, na mmoja juu ya ubavu wa farasi, ambaye alisimama kimya kama karani. Wanachotaka ni mtoto apewe kofia ya kupandia kabla hajaanza kulia.

Mimi nilikuwa na ukali wa aina moja tu. Chini kabisa ya fomu kuna mistari miwili. Wa kwanza ni wa namba ya mzazi. Wa pili ni wa mtu mwingine wa kupigiwa simu endapo mzazi hapatikani: jina, namba, uhusiano. Mstari huo ukija mtupu, nilikuwa nairudisha fomu hapo hapo. Mtu akiandika "bibi" bila namba, nairudisha. Kuna baba mmoja alinibishia kwamba yeye hazimi simu hata bafuni. Nikamwambia ajaribu tena.

Fomu ya binti yangu ilikuwa nadhifu kuliko zote mle ndani, kwa wino mweusi na herufi zilizosimama wima. Sahihi moja, yangu. Kwenye mstari wa pili niliandika jina langu tena, na namba yangu nyingine, ile ya laini ya Tanzania. Simu ilikuwa moja, laini mbili. Na kwa kuwa mkaguzi wa fomu ni mimi, fomu ilipita.

Sikuandika hivyo kwa uzembe. Nilipoachana na baba yake mtoto, Watanzania wachache tuliokuwa tunakutana hapa mjini waligawanyika kana kwamba tuliwaomba wapige kura. Kwenye kundi la simu watu niliowapikia pilau waliandika maneno marefu kuhusu subira. Nikajitoa kwenye kundi. Baba mtoto akahamia nchi nyingine na huko akaanza maisha mengine, na mimi nikabaki mtaa wa Schaerbeek na mtoto wa miaka mitatu na sheria moja: siombi chumvi kwa mtu, wala mtu asiniombe chumvi. Nilijivunia sheria hiyo. Niliona watu wanavyohangaika na ndugu na majirani na michango na lawama, nikajiambia mimi nimepumzika.

Mwaka jana majira ya kuchipua, akaja mama mmoja wa Lubumbashi na binti yake wa miaka tisa. Nilikuwa namjua kwa sura, kwa sababu na yeye anakaa Schaerbeek na tulikuwa tunapishana kituo cha tramu. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Aliposikia Kiswahili changu akafurahi mno, kuliko nilivyokuwa tayari kufurahiwa. Nikampa fomu. Akaisoma yote, pande zote mbili, amesimama. Alikuwa mzazi wa kwanza niliyemwona akifanya hivyo.

"Bon," akasema. "Nitaipeleka kwanza nyumbani."

"Unaweza kusaini hapa hapa, dada. Ni dakika moja."

"Hapana, maman. Hii haiko ya dakika moya."

Jumatano iliyofuata akaja bila fomu. Nikamuuliza, akasema bado inazunguka. Binti yake akashinda ukutani akiwatazama wenzake wanavyopanda, mikono mifukoni, bila kulalamika. Jumatano ya tatu ndipo akaja nayo, imewekwa ndani ya bahasha kubwa kama cheti cha ndoa.

Ilikuwa na sahihi saba.

Yake ilikuwa ya kwanza, na ya mume wake ya pili. Chini yake, zikiwa zimebanana mpaka pembeni, kulikuwa na ya mdogo wake anayekaa mtaa wa Laeken, ya kiongozi wa kwaya ya kanisani kwao, ya mzee mmoja wanayemwita tonton, yaani mjomba, ambaye si ndugu wa damu, ila alikulia mtaa mmoja na baba yake, na ya mtawa wa Kibelgiji, bibi wa miaka themanini na ushei aliyefundisha shule Katanga ujana wake wote. Ya saba ilikuwa kipande cha karatasi kilichogundishwa kwa gundi. Baba yake mzazi, huko Lubumbashi, alikuwa ametia sahihi kwenye daftari, wakaipiga picha ile sahihi, ikatumwa kwa simu, ikachapishwa, ikakatwa kwa mkasi, ikabandikwa.

Nilicheka. Nakiri hivyo, na hakikuwa kicheko cha wema.

"Dada, fomu hii ni ya mzazi. Ina nafasi mbili tu."

"Nafasi iliisha, njo tukaandika pembeni." Kwao "njo" ni ndio, na "bo" ni wao.

"Sahihi moja inatosha. Hizi nyingine hazina kazi."

Akanitazama. "Hazina kazi? Maman, hii karatasi inasema nini? Inasema mutoto anaweza kuanguka, na bo batasema, siye hatuko ndani. Si njo vile?"

"Ndivyo."

"Donc, kama bo habako ndani, nani iko ndani? Mutoto haiko wa muntu moya. Akianguka na mi niko kazi, atakuya huyu. Huyu akikuwa mugonjwa, atakuya ule. Kila muntu alisoma, kila muntu aliitika. Papa yangu njo alisema, wekeni na mimi."

Nikamweleza kwamba karatasi haiulizi hilo. Karatasi inataka mtu mmoja aseme hatalaumu, basi, mambo ya kuja na kutokuja hayamo. Nilieleza vizuri, kwa upole wa mtu mwenye faili. Nikampa fomu mpya.

Hakuipokea. "Alors, nikate nani?" akauliza. Akaweka kidole juu ya majina, moja baada ya jingine, taratibu, kama anayenipa nafasi ya kuchagua. Kidole kilipofika kwenye kile kipande kilichogundishwa, nikaona aibu kidogo.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi. Ili kumwonyesha fomu iliyojazwa sawasawa inavyoonekana, nilifungua faili, nikatoa ya binti yangu, nikamwekea mezani. Nilikuwa naringa nayo.

Akaisoma kama alivyosoma ile ya kwanza, bila kuruka kitu. Alipofika chini akasimama.

"Huyu wa pili njo weye tena?"

"Ndiyo."

"Na kama hauko?"

"Mimi nipo siku zote."

Alinirudishia fomu yangu kwa mikono miwili, akakubali kusaini ile mpya peke yake kwa ajili ya kamati, kwa sharti kwamba ile ya sahihi saba ikae nyuma yake, imebanwa kwa pini. Nikaibana. Binti yake akapewa kofia, na saa ile ile akapanda. Mimi usiku ule nilikuwa na hasira, na niliona kabisa kwamba nilikuwa na haki ya kuwa nayo. Mtu hanijui, ananiuliza kama hauko.

Miezi ikapita. Wasichana wetu wawili wakawa marafiki, jambo ambalo sikulipanga wala sikulizuia. Yule mama alikuwa hakosi Jumatano. Alikuja na chupa ya chai na kiti chake cha kukunja, akakaa kando ya uzio na kutazama mpaka mwisho. Mimi nilikuwa dirishani na faili. Tulisalimiana vizuri. Alikuwa akinimiminia chai, nami nikisema asante, nimeshakunywa.

Sasa nieleze kazi yangu, kwa sababu kisa chote kimesimama hapo. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Laeken, chumba cha kufulia, ghorofa ya chini kabisa ardhini. Mashine sita, joto mwaka mzima, na mtandao wa simu haufiki hata ukipanda juu ya kiti. Simu zetu tunaziacha kwenye makabati ya kubadilishia nguo. Ukutani kuna simu ya waya ya zamani, rangi ya krimu, inayotumiwa na wauguzi wa juu kuulizia mashuka. Namba yake imebandikwa juu yake. Hiyo namba sikuwahi kumpa mtu. Kazini ni kazini, nilikuwa nasema. Hata binti yangu hakuwa nayo, na kule shambani hakuna aliyejua ninafanya kazi wapi. Walijua ninafanya kazi.

Jumatano moja ya vuli mwenzangu akaugua, nikaombwa nishike zamu ya mchana. Kwenda shambani hakukuwa na tabu. Mmoja wa wale wanaojitolea hupita na gari shuleni Schaerbeek na kuwachukua watoto watano, binti yangu akiwa mmojawao. Asubuhi nilimfungia mkate, nikamwambia tutaonana jioni.

Kwenye saa nane na nusu farasi mmoja, mzee mpole ambaye hajawahi kumfanya mtu lolote, alisogea pembeni hatua mbili. Labda kunguru aliruka, labda alichoka tu kwenda mbele. Binti yangu alikuwa anageuka kumsemesha rafiki yake. Akaanguka kwa ubavu, mkono chini. Haya yote nilisimuliwa baadaye na watu watatu, na kila mmoja alianza kwa kusema kwamba farasi hana kosa.

Wakafungua faili. Faili lilikuwa limepangwa vizuri, kwa hiyo fomu ilionekana mara moja. Wakapiga namba ya kwanza, ikaita hadi ikakata. Wakapiga namba ya pili, ikaita hadi ikakata. Wakarudia. Simu yangu ilikuwa kabatini Laeken, ndani ya mfuko wa koti, ikitetemeka kwa laini moja, kisha kwa laini ya pili.

Saa hizo hizo, pale chini, simu ya ukutani ililia mara tatu. Mara zote niliipokea kwenye mlio wa pili. Ghorofa ya tatu walikuwa wamepungukiwa foronya.

Zamu ilikwisha saa kumi na moja. Nilivaa koti, nikatoa simu, nikakuta imepigwa mara ishirini na tisa. Kulikuwa na ujumbe wa hospitali na ujumbe wa mwenyekiti wa chama, mzee mwenye adabu, aliyerudia mara mbili kwamba mtoto anazungumza na ana fahamu zake. Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nilikaa kwenye basi nikiwa nimeshika tiketi ambayo hakuna aliyeniomba, na kwamba nilikuwa nahesabu. Saa nane na nusu hadi saa kumi na moja. Saa mbili na nusu. Basi likafanya iwe saa tatu na robo. Muda wote huo, nilijiambia, mwanangu amelala kitandani peke yake mahali ambapo hamjui hata mtu mmoja. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku niliyobaki na mtoto na masanduku mawili.

Kwenye korido ya hospitali nilisikia Kiswahili kabla sijaona mtu.

Walikuwa watano. Yule mama alikuwa amekaa kichwani pa kitanda, ameshika mkono mzima wa binti yangu. Mdogo wake wa Laeken alikuwa amesimama na koti la mtoto mkononi. Kiongozi wa kwaya alikuwa ameshika viatu vya kupandia, vyenye matope, juu ya gazeti. Tonton alikuwa kwenye kiti cha wageni, suti na tai, kofia gotini. Na bibi mtawa alikuwa anambishia muuguzi kwa Kiholanzi, halafu anageuka na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili cha Katanga, na muuguzi alikuwa anamtazama kana kwamba ukuta umesema. Wa sita, baba wa yule rafiki, alikuwa amekwenda shambani kumchukua binti yao. Wa saba alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji, kipaza sauti wazi, anasali kutoka Lubumbashi.

Jambo la kwanza nililosikia moyoni halikuwa shukrani. Ilikuwa hasira. Watu hawa walikuwa wamemwona mwanangu akilia, na mimi sikuwepo. Hasira ikaisha haraka, na kilichobaki chini yake kilikuwa aibu.

"Usiogope, maman," yule mama akasema, akinipisha. "Mukono tu. Docteur anasema mufupa moya njo ulivunjika. Banapashwa kumulalisha usingizi juu ya kuunyoosha, na signature banataka yako. Tulisema tuko famille, bakatuacha tukae naye. Lakini kwa ile karatasi banakungoja weye. Hata kula hajakula."

Nikamwamkia tonton shikamoo, kwa sababu ndivyo mdomo wangu unavyofanya nikimwona mzee. Akacheka kidogo, akasema, "Jambo, mwanangu. Kaa."

Binti yangu alikuwa na uso mkavu, umechoka. Alikuwa ameshalia, zamu yake ilikwisha. Nikambusu paji la uso, likawa na harufu ya farasi. Akaniambia, bila lawama yoyote, kama mtoto anayetoa taarifa:

"Walikupigia wewe, mama. Halafu wakakupigia wewe."

Daktari akaja na karatasi. Nilisoma, nikatia sahihi. Chini yake kulikuwa na mstari ule ule: mtu wa pili wa kupigiwa. Kalamu ikasimama. Nilikuwa na watu watano nyuma yangu, na sikuwa na hata namba moja ya mmoja wao. Kwa mara ya kwanza niliuacha mstari ule wazi, jinsi ulivyokuwa kweli. Yule mkaguzi niliyekuwa mimi angeirudisha fomu ile. Daktari aliichukua na kwenda zake.

Mfupa ulinyooshwa, mtoto akaamka, akatapika kidogo, akaomba chipsi. Tulirudi nyumbani kesho yake asubuhi. Siku hiyo mchana mwenyekiti akapiga simu. Aliuliza hali ya mtoto, akauliza tena, akakohoa, na mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba bila shaka ninakumbuka kuna karatasi niliyosaini.

"Naikumbuka," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayezitunza."

Maskini, alifurahi mpaka nikamwonea huruma. Hakuwa na la kuogopa. Farasi alisogea hatua mbili, na mtoto alikuwa na kofia. Nililala nikiitafuta kasoro yao nikaikosa, na nilitamani kuipata, kwa sababu ingenisaidia. Karatasi ile inamkataza mzazi kukilaumu chama, lakini haisemi lolote kuhusu mzazi kujilaumu mwenyewe.

Nilifanya mambo ya kawaida. Nilipeleka keki kwa yule mama. Alinirudishia sahani ikiwa na mikate ya mafuta, na sahani hiyo sasa inakwenda na kurudi, hata sijui tena ni ya nani. Mkono ulifunguliwa plasta kabla ya Krismasi. Binti yangu akasema anarudi kwa farasi, na akataka yule yule.

Januari fomu zote hujazwa upya. Nikaandika ya binti yangu, wino mweusi, herufi wima. Kwenye mstari wa pili nikaacha nafasi. Jumamosi mchana nikaichukua mkononi, nikatembea mitaa minne hadi nyumbani kwa yule mama. Mitaa minne. Nilikuwa nimekaa karibu naye hivyo kwa miaka yote hiyo. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno, kama mtu anayekwenda kuposa. Nilikuwa sijamwomba mtu kitu kwa muda mrefu, na ulimi ulikuwa mzito kweli.

Alinifungulia akiwa na unga mikononi. Tukakaa jikoni. Wasichana walikuwa chumbani, tunasikia vicheko vyao. Nikaweka fomu mezani, nikauweka mstari mtupu upande wake.

"Nimekuja kukuomba," nikasema. "Ukubali kuwa mtu wa pili."

Nilitegemea angecheka, au angesema nilikwambia, na ningestahili. Alinawa mikono, akafuta, akafungua droo ya kabati la vyombo. Akatoa bahasha kubwa. Ndani yake kulikuwa na fomu mpya ya binti yake, ya mwaka huu, na majina yalikuwa tayari yamebanana. Yeye, mume wake, mdogo wake, kwaya, tonton, mtawa. Sahihi ya Lubumbashi ilikuwa imeshagundishwa. Chini ya hiyo, pembeni kabisa, palikuwa pamepigwa mstari kwa rula na penseli, na mbele ya mstari limeandikwa jina langu. Nikatazama tarehe aliyoandika juu ya fomu. Alikuwa ameiandaa wiki mbili kabla.

"Nitatia yangu," akasema. "Lakini weka na weye kwanza."

Nilisoma fomu yote, pande zote mbili, fomu ambayo nimeigawa kwa mamia. Farasi ni mnyama mwenye akili yake. Anaweza kushtuka. Nikafikiria mtoto wake, na mikono yake ile mifukoni. Nikatia sahihi juu ya mstari wa penseli.

"Na téléphone," akasema.

Nikauliza niandike ipi, ya hapa au ya Tanzania.

"Ile yenye unaitikaka."

Ile ninayoitika kila mara. Kisha nikaandika namba ya ile simu ya ukutani kule chini, ya chumba cha kufulia. Niligundua kwamba ninaijua kwa moyo.